Mawe Tunayoyasalimia

Nyumba ya pili kutoka kiwanda cha barafu,
Mtaa wa Chini.
9 Machi

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi naye hajambo? Watoto wanakua, au wanarefuka tu? Mimi mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Mama ndiye hali yake si nzuri. Anameza vijiko viwili vitatu vya supu, kisha anageukia ukutani.

Bahari imeshaingia uani kwa jirani yetu muuza samaki. Mwenyewe anacheka, eti sasa samaki watajileta jikoni. Ndivyo tulivyo huku, tunacheka huku tunahamisha vitanda.

Juzijuzi Mama alisema akifa azikwe ubavuni mwa Baba. Nikaenda kwa yule mwashi mzee uliyemwita Saruji, anipimie nafasi kule makaburi ya mlimani. Hakuinuka hata kwenye kiti. Unakumbuka tulipokuwa wadogo, mawimbi yalipoanza kula makaburi ya zamani, wanaume wakayahamishia mlimani? Anasema mchanga ulikuwa ukiporomoka, kila wakichimba maji yanajaa shimoni. Wakabeba mawe ya makaburi tu, wakaapizana wasiseme.

Kaka, Baba hayuko mlimani. Yuko baharini pamoja na wenzake wote. Miaka yote hii tumepalilia ardhi tupu.

Nilishikwa na hofu nisiyoweza kukueleza. Sasa naelewa kwa nini wazee wetu hawaogi baharini, na kwa nini yule mpara samaki wa sokoni hupiga hodi kabla ya kuchota maji ya bahari ya kuoshea meza. Nilidhani ni mzaha wake. Kumbe wakubwa wote wanajua, na wote kimya. Maji yakigonga ukuta wetu wa nyuma naacha kazi nasikiliza, na naogopa nisije nikaitika.

Kumficha mgonjwa niliona dhambi, kumwambia niliona ukatili. Jana uzalendo ulinishinda, nikamwambia Mama huku nalia. Akanitazama kama mtu aliyeletewa habari ya mwaka juzi.

"Mimi ndiye niliyewaambia wabebe mawe," akasema. "Nyie mlikuwa mnalia, mnataka pa kumsalimia baba yenu. Ningewaonyesha maji?"

Nikamuuliza, sasa yeye tumzike wapi.

"Palepale mlimani, penye jiwe la baba yenu. Mkija kusalimia, angalau mtamkuta mtu."

Nilimfunika miguu, nikatoka nje nikalia mpaka nikachoka.

Shangazi anakusalimu, anasema sura yako ameshaisahau. Saruji naye anakuomba radhi. Nibusie wanangu, na umwambie wifi nimemkumbuka. Najua bosi wako ni mkali kama pilipili. Omba ruhusa, akikunyima toroka. Mungu akusafishie njia.

Njoo, Kaka. Njoo tumsalimie Mama angali anajibu.

Mdogo wako akupendaye kwa kelele zake zote,
Kidomo