Mzinga wa 10E3

Mandewa, Singida
Jumanne

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu aanze kulikanda kwa maji ya moto. Mimi sijambo, ila upepo wa hapa mjini umenipasua midomo.

Ujumbe wako aliouleta Yasinta nimeupata. Umesema nisikanyage mkutano wa warina asali Jumamosi hii, na kwamba binti anayemtetea mwizi wa baba yake hana kwao. Baba, nitakuja. Nakuandikia mapema ili usije ukasema nilikuvizia.

Unajua kwamba daftari la asali la kikundi, lile la kwenye kompyuta, nililitengeneza mimi hapa dukani kwa Shahid, ninakofanya kazi. Kila mzinga una namba yake: kwanza namba ya mwenyewe, kisha herufi ya kipande cha msitu, kisha namba ya mzinga. Wewe ni mwanachama wa kwanza, na hujachoka kutukumbusha, kwa hiyo mzinga wako wa nne katika kipande E ni 1E4. Mzee Mughwai ni wa kumi, na mzinga wake wa tatu huko huko ni 10E3. Hata mtoto wa chekechea anaona ni vitu viwili.

Lugha ya kompyuta niliyotumia haikuona. Ikikuta E katikati ya tarakimu hudhani ni hesabu iliyofupishwa, yaani iongeze sifuri kadiri ya namba inayofuata E. Moja yenye sifuri nne ni elfu kumi. Kumi yenye sifuri tatu ni elfu kumi vilevile. Mimi niliiagiza ilinganishe namba za mizinga kwa alama mbili za sawasawa, na hapo huyageuza maandishi kuwa hesabu bila kumuuliza mtu. Ningeweka alama tatu, ingeyaacha yalivyo. Basi Godfrey karani alipoingiza ndoo mbili za Mzee Mughwai, kompyuta ikajibu kwamba asali imetoka kwenye mzinga wako. Mkamwita mwizi, mkamfukuza kwenye kikundi, mkamkataza msitu anaouingia tangu hajaota ndevu.

Juzi nilimweleza Shahid. Akaniambia nirekebishe kimya kimya, maana fundi anayetangaza makosa yake hapati kazi ya pili. Nikamjibu hiyo kazi ya pili ampe mwingine. Amenuna mpaka leo, hata chai hanikaribishi.

Sasa nikuambie lililonikaa kooni. Kosa hili sikuligundua baada ya mkutano ule mliomfukuza. Siku mbili kabla yake Godfrey alinipigia simu, akauliza kama kompyuta inaweza kukosea. Nikafungua, nikatazama, nikaliona. Halafu nikamwambia daftari liko sawa. Niliogopa kuonekana fundi asiyejua kazi, tena binti wa mwanachama wa kwanza. Mzee wa watu akasimama peke yake akiapa, na mimi nikiwa huku nakunywa soda. Naona aibu, Baba, na sitaki kuzeeka nayo.

Lakini sikunyamaza peke yangu. Mwaka jana ulinipigia simu ukilalamika kwamba nyegere ameuangusha mzinga wako wa nne na kuupasua katikati. Nilipokuja Krismasi nilikuta Mama ameweka kipande chake uani, kuku wanakinywea maji. Ndoo mbili za asali zingetokaje humo? Ulipoulizwa mkutanoni ulisema kompyuta haina ndugu. Kweli haina, na haikujua lolote. Mimi nilijua, na wewe ulijua.

Jumamosi nitasema langu mbele ya watu wote, na Mzee Mughwai nitampigia magoti. Lako nakuachia uliseme mwenyewe. Usiposema, nitawaomba wajumbe tufuatane mpaka nyumbani.

Msalimie sana Mama, na Yasinta, na majirani wote wanaoniulizia. Mwambie Mama kile chombo cha kuku asikiondoe mahali pake.

Ni mimi binti yako, mtiifu katika mengine yote,

Rahel Mathayo