Jedwali Hapo Chini

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti, maana kwa haya nitakayokuandikia ile ya kusimama haitoshi. Natumaini uvimbe wa miguu umepungua na shemeji ameacha kubishana na daktari. Mimi mwili ni mzima. Ninakula, ninalala, suruali zinanibana. Inayougua ni roho, nayo haina duka la dawa.

Barua yako niliipata juzi na nimeisoma mara tatu. Unaniambia mwanao amerudi nyumbani na sanduku lake, amenywea kama aliyemwagiwa maji, anaosha vyombo ambavyo hakuna aliyevichafua. Unasema chuo kimemwandikia kwamba amefeli Takwimu, somo la lazima kwa wauguzi, kwa hiyo hana nafasi tena. Na kwamba rufaa zinapokelewa hadi tarehe thelathini tu, lakini yeye ukimtajia rufaa anainuka na kwenda chumbani. Umeniuliza mimi niliye ndani ya chuo: je, mtoto alikuwa anasoma au alikuwa anazurura? Kama ni uvivu, niseme tu, umtafutie shughuli nyingine na yaishe. Dada, nitakujibu, ila nivumilie nianzie mbali kidogo, maana uchafu huu una matabaka.

Miaka miwili iliyopita karatasi za mitihani za chuo chetu zilikuwa aibu tupu. Moja ilikuwa na swali la nne mara mbili na la tano halikuonekana. Nyingine ilimtaja mgonjwa mwenye umri wa miaka mia tatu na arobaini, presha yake ya kawaida. Ya tatu ilichapwa pamoja na majibu yake, na bado nusu ya darasa wakafeli. Hapo mpaka leo sijui nimcheke nani. Ndipo ikaundwa Kamati ya Kupunguza Makosa katika Karatasi za Mitihani, nami nikafanywa katibu. Nilikuandikia wakati ule, ukanipongeza. Pongezi hizo nakurudishia.

Laiti ungetuona kazini. Meza ndefu, mapazia mapya, chai na mayai ya kuchemsha. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye mvi zake, anamenya yai juu ya karatasi ya mtihani, kisha kwa vidole hivyo hivyo anashika fomu ya ukaguzi. Fomu ina visanduku kumi na kimoja: maswali yamehesabiwa, alama zimejumlishwa, michoro ipo, majedwali yapo, na kadhalika. Anapiga tiki vyote kumi na kimoja bila kufungua ukurasa wa pili, anasukuma kwa jirani, naye jirani anatia saini huku anatafuna. Siku moja niligundua kwamba tumeukagua na kuupitisha mtihani ambao mhadhiri wake alikuwa hajautunga bado. Nilipomwambia mwenyekiti alicheka mpaka kiini cha yai kikadondokea tai yake, akasema basi huo ndio usio na kosa hata moja. Wote tukacheka, na mimi nikiwamo. Fomu hizo ziko kabatini kwangu, zina alama za vidole za manjano. Nikifungua kabati lile nasikia kichefuchefu, na yai siku hizi sitaki hata kuliona.

Halafu yuko mhadhiri wa Takwimu, ambaye wanafunzi wamempa jina la Yaleyale. Huyo hatungi mtihani. Anachukua wa mwaka jana, anakata mwaka kwa kalamu, anaandika mwaka huu juu yake, anampelekea mchapaji. Na huo wa mwaka jana nao ulikuwa wa mwaka juzi.

Sasa sikia tulivyopunguza makosa. Zamani msimamizi wa mtihani akiona swali lina kasoro, alisimama mbele ya chumba akawasahihishia wanafunzi, kisha akaandika kwenye daftari la chumba. Kamati ilihesabu kutoka kwenye madaftari hayo. Mwaka wa kwanza tukapata makosa sitini na matatu, mkuu wa chuo akafoka. Basi katika kikao kilichofuata likatolewa wazo: tangu sasa msimamizi asisahihishe kitu. Mwanafunzi akiuliza, aambiwe ajibu swali kama lilivyo, na daftari libaki jeupe. Wazo likapita kwa makofi. Mwaka huu yamehesabiwa makosa mawili tu, yote kutoka kwa mama mmoja wa maktaba aliyeazimwa kusimamia na ambaye waraka wetu haukumfikia. Tumepewa vyeti, dada. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mtihani wa Takwimu mchapaji aliagizwa aubane kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Akauminya, akauminya, na katika kuminya huko jedwali la swali la tatu likadondoka. Simlaumu, alimpelekea Yaleyale aangalie, ikarudi na saini. Kamati nayo ikapiga tiki zake. Swali lenyewe lina alama arobaini, na linaanza kwa kusema: kwa kutumia idadi ya wagonjwa katika jedwali hapo chini. Hapo chini palikuwa na namba ya ukurasa.

Waliokuwa wanarudia mwaka, maana hadi mwaka jana aliyefeli hakufukuzwa, walikuwa wamelikariri jedwali, wakaliandika wenyewe wakaendelea. Wengine wakabuni wagonjwa wao, wakajaza kurasa, na Yaleyale, ambaye husahihisha kwa kuangalia urefu wa jibu, akawapa ishirini, wengine ishirini na tano. Hao ndio watakaotupimia dawa uzeeni, mimi na wewe.

Jana nilitafuta kijitabu cha majibu cha mwanao. Katika yale maswali mengine, yenye jumla ya alama sitini, amepata thelathini na nane. Kufaulu ni arobaini. Chini ya swali la tatu ameandika, kwa mwandiko wake ule uliolala, kwamba jedwali halipo, kwamba amemuuliza msimamizi akaambiwa ajibu kama lilivyo, na kwamba yeye hawezi kubuni wagonjwa. Yaleyale kachora sifuri kubwa kwa wino mwekundu, na pembeni kaandika kwamba visingizio havina alama.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: mtoto si mvivu, wala hakuzurura. Amefukuzwa chuo kwa sababu alikataa kuandika uongo. Tabia hiyo ameitoa kwako. Mimi na wewe tulizaliwa tumbo moja na bado sikuipata.

Sasa nifike mahali ninapopakwepa tangu ukurasa wa kwanza, maana mficha uchi hazai. Lile wazo la kuwafunga wanafunzi midomo lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyelitoa, mimi ndiye niliyeandika waraka. Na msimamizi wa chumba kile, siku ile, nilikuwa mimi.

Alinyoosha mkono, nikamwendea. Hakuniita mjomba, aliniita mwalimu, kwa adabu, akaniwekea kidole pale. Nikatazama. Nikageuza karatasi, nikatazama tena. Niliona, dada. Usije ukanitetea kwamba labda sikuona. Lakini daftari la chumba changu lilikuwa jeupe, na Jumatatu yake nilikuwa nisome ripoti mbele ya mkuu wa chuo. Nikamwambia ajibu kama lilivyo. Akanitazama kidogo, akarudisha macho kwenye karatasi.

Wala si hilo tu. Kabla ya kuondolewa aliitwa mbele ya bodi ya mitihani, akaulizwa kama ana malalamiko yoyote kuhusu chumba cha mtihani. Mimi nilikaa mwisho wa meza, naandika kumbukumbu za kikao. Akanitazama tena, akasema hana. Nami nikainama nikaandika: hana malalamiko. Ndiyo maana hataki rufaa. Fomu ya rufaa inadai jina la msimamizi. Mtoto anaosha vyombo visafi kwa ajili yangu, na mimi huku nawachukia wenzangu kwa vidole vyao vya mayai. Nyani haoni kundule. Kinyaa ninachokisikia sasa si cha kabati tena.

Asubuhi ya leo nimepeleka maelezo yangu kwa mkuu wa chuo, kwa maandishi, pamoja na nakala ya kijitabu chake. Mwenyekiti alinifuata kwenye korido akanishauri nibadilishe, niseme mwanafunzi hakuuliza kitu, mambo yatulie. Nilimwambia afute mdomo kwanza. Huenda kazi ikawa imeniponyoka kabla barua hii haijakufikia, nalo usilihangaikie. Hofu yangu ni nyingine: maelezo yangu peke yake hayafungui rufaa. Sheria inasema mwanafunzi mwenyewe aanze, na wapo wengine kumi na mmoja wenye barua kama yake wanaomsubiri mtu atangulie.

Basi mpe barua hii aisome yote. Usimlazimishe anisamehe, na wewe pia usinisamehe harakaharaka kwa vile ulinibeba mgongoni. Mkalishe mezani na fomu kabla ya tarehe thelathini. Penye jina la msimamizi aandike langu, majina yote matatu. Akisita kwa kunionea huruma, mwambie huruma hiyo imeshamgharimu nafasi yake chuoni, na mimi sina pa kuiweka.

Nisalimie shemeji, na wote wanaonikumbuka kwa wema, kama bado wapo. Sitakuja nyumbani mpaka yeye mwenyewe aniite, kwa jina lolote atakaloona linanifaa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba