Herufi Nene za Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu amebandika herufi zake ukutani, zote, a mpaka z. Miezi minane ya kuchora! Nene, zimeshiba, hazina vile vijimkia miguuni kama za magazeti. Na zote zimeinama mbele. Nikamuuliza kwa nini zimeinama. Kasema, Mama, ziko mbioni. Kweli, ukizitazama ni kama zinawahi kitu. Nimezitazama mpaka chai ikapoa.

Ni za kuandikwa ubavuni mwa magari ya zahanati, yale yatakayowafuata watu walio mbali na hospitali. Magari kumi na mawili. Jumatatu ijayo bosi wa karakana ya mabango atachagua – herufi za binti yangu au zile za zamani. Mimi chakula hakipiti.

Jumanne, 4 Machi
Wifi kaja. Katazama ukuta, kacheka. Eti miaka minne chuoni, kumbe mtoto alikwenda kujifunza a e i o u, si angerudi chekechea tu. Nikamwambia, wifi, hata hiyo blauzi yako kuna mtu aliichora kabla hujaivaa. Kaongeza sukari kwenye chai yake.

Ila maneno yake yamenikaa kama mwiba. Je, bosi naye akicheka?

Jumatano, 5 Machi
Leo nimekuwa mtu wa maana. Mwanangu kachapa maneno makubwa, kayatundika moja moja getini, mimi kaniweka ng'ambo ya barabara. Eti nikisoma mimi, atasoma kila mtu. Darasa la nne nililoishia limepata kazi!

Chanjo – nimesoma. Dawa – nimesoma, ingawa polepole. La tatu nikaona madoa tu. Vitu vinene vya mviringo vimeshikana. Nikakodoa macho, wapi. Yeye ananiangalia kama mtoto anayesubiri zawadi. Asubuhi nilimsikia kwenye simu akitaja wazee. Nikasema, Wazee. Karuka, kavuka barabara mbio kuja kunikumbatia.

Sikusoma. Nilibahatisha.

Alhamisi, 6 Machi
Kazini tunashona makoti ya walinzi, kitambaa kizito. Msichana mgeni kakata tundu la kifungo saizi ya shati. Alipolizungushia uzi likaziba, kifungo hakipiti. Nikamwambia, kitambaa kizito kinataka tundu kubwa, la sivyo uzi unalimeza.

Nikabaki na sindano hewani. Ile e! Ile a! Herufi zimenenepa mpaka zimemeza matundu yake zenyewe. Ndiyo maana niliona madoa.

Sasa ugonjwa naujua, na aliyeuficha ni mimi. Huko vijijini mzee mwenye macho kama yangu atasimama kando ya barabara, gari limpite, asijue kwamba lilimjia yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia. Nimesema, "Mwanangu, lile neno la tatu sikulisoma. Nilibahatisha."

Kafunga daftari lake. Kisha kaniuliza, "Mangapi mengine umebahatisha, Mama?"

Nikamwambia ni hilo tu. Kaingia chumbani. Sahani yake nimeifunika, haijaguswa. Nimekwenda kuweka kipande cha koti mlangoni kwake, chenye matundu mawili – moja limeziba, moja linapitisha kifungo. Kusema zaidi nimeshindwa.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi kaniita. Kipande cha koti kipo mezani, karibu na michoro. Hakutaja ya jana. Kasema, "Mama, nioneshe tundu unaanza kulipima vipi."

Mimi! Fundi wa vifungo, namfundisha mtu wa chuo. Nikamwonesha – unapima kubwa kuliko jicho linavyotaka, maana uzi una sehemu yake utakayokula. Kaandika kwenye daftari lake. Maneno yangu, kwa mkono wake! Nikasingizia nguo za kuanua nikatoka nje, nisije nikalia juu ya michoro.

Jumapili, 9 Machi
Anachora upya, matundu kwanza. Mimi napiga pasi gauni langu. Kasema kesho twende wote.

Jumatatu, 10 Machi
Niko kwenye benchi nje ya karakana. Mlango uko wazi, nasikia kila kitu. Bosi wanamwita Bwana Rula – anatembea nayo mfuko wa juu, wanasema hata harusini. Mchoraji mzee wa mabango kasema herufi hizi zimelewa. Binti yangu kajibu kwamba mlevi huyumba kila upande, hizi zote zinaelekea mbele. Wamecheka, Bwana Rula hakucheka.

Wamebandika neno moja kwenye gari mwisho wa ua, kwa herufi za mwanangu. Ni neno ambalo bosi kalichagua mwenyewe sasa hivi. Anataka asome mtu asiyelijua. Mwanangu kasema mama yake yuko nje.

Bwana Rula kasema, "Mama mzazi? Si atakubeba?"

Na mwanangu, bila kupandisha sauti, "Huyu? Huyu akishindwa atasema."

Mungu wangu. Kasema hivyo mbele ya watu wote.

Wananiita. Shingo imenyooka yenyewe. Gari lile pale, sijalitazama bado. Nakwenda kusimama mbali, mbali kweli, asije mtu akasema nimependelea. Naweka kalamu –