Bakuli la Pili

5 Juni

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka huku mashariki ya mbali. Hujambo? Mama hajambo? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kukaa ndegeni, na begi la mgongoni ulilonichagulia ni kubwa kuliko mwenye mgongo. Uwanja wa ndege mtu mmoja aliniuliza kama nahama.

Mji ni uleule niliokuwa nikiuangalia kwenye televisheni miaka saba nikimgeuza Mama kitandani, isipokuwa televisheni haimtoi mtu jasho. Pikipiki ni nyingi, hazina mwisho. Wenyeji huvuka barabara kwa kutembea polepole bila kusimama, nazo zinawapita kushoto na kulia. Nilisimama pembeni robo saa, nikajifanya nimesahau kitu, nikarudi nilikotoka.

Nimepata kitanda cha juu kwenye chumba cha vitanda kumi na viwili. Kila kitanda kina pazia lake na taa ndogo. Wenzangu wote ni vijana. Wananisalimia kwa upole sana, nadhani wanafikiri kuna mtoto wangu amepotea huku na nimekuja kumtafuta.

Daftari nililokuandikia la kumtunza Mama liko juu ya friji. Mgeuze kila baada ya saa mbili, upande wa kushoto usimwache sana. Uji usiwe mzito. Na kama tulivyokubaliana, tusipigiane simu. Nikimsikia Mama akihangaika kutafuta neno nitapanda ndege siku hiyohiyo. Tuandikiane tu kwa barua pepe.

Kesho natoka kwenda kuuona mto.

Ni mimi,
Dada yako

7 Juni

Dada,

Shikamoo. Tumefurahi umefika salama. Huku sote hatujambo, Mama anapumua vizuri na leo asubuhi aliangalia dirishani muda mrefu.

Daftari lako nimelisoma lote, kurasa thelathini na nne. Wanafunzi wangu wangekuwa wanaonyesha njia kwenye hesabu kama unavyoonyesha wewe namna ya kukunja shuka, nisingekuwa na mvi. Nimechora ratiba nikaibandika ukutani. Kila nikimgeuza naweka tiki.

Mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua kama nina mgongo. Miaka saba, Dada? Nilikuwa nakuja likizo, nakaa siku mbili, nakuambia umepungua, naondoka. Naona aibu kuliandika hili lakini bora liandikwe.

Mama anakula vizuri, anamaliza. Kwa hiyo tembea, piga picha, usituwaze. Wateja wako wawili walikuja kuulizia magauni yao, nikawaambia fundi wa cherehani yuko ng'ambo, amebeba begi mgongoni. Mmoja alicheka akidhani natania.

Mdogo wako,
Kitinda

10 Juni

Kitinda,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta salama pamoja na Mama. Mimi ni mzima.

Mji unapendeza. Mto ni mpana na boti za kila aina hupita mchana kutwa. Mahekalu yana mapaa ya rangi ya dhahabu yanayong'aa juani. Masoko yamejaa matunda ya kuvutia na wenyeji ni wakarimu kwa wageni. Mgeni hawezi kuchoka kuutazama.

Mpe Mama salamu zangu.

Dada

15 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana huku sisi si wazima.

Nilikudanganya. Mama hali. Hajala vizuri tangu siku ya pili baada ya wewe kuondoka. Nafuata daftari neno kwa neno: uji mwepesi, vuguvugu, kijiko kidogo, mgongo umeinuliwa kwa mito mitatu. Ananitazama, anafunga mdomo. Nikisubiri, anasubiri. Nikimbembeleza, anageuza uso. Siku nzima anaweza kumeza vijiko vinne, navyo ni kama ananihurumia.

Nilisema atazoea. Nilisema pia kwamba mtu mzima mwenye digrii hawezi kushindwa na bakuli la uji. Jana muuguzi wa zahanati alikuja kumpima akanitoa nje ya chumba kama mtoto. Amesema asipoanza kula ndani ya siku tatu itabidi apelekwe hospitali akawekewe mpira wa kupitishia chakula puani. Nilipofunga mlango nilikaa sakafuni nikalia.

Najua ulichosubiri ili upate siku hizi ishirini na moja. Lakini mimi nimeshindwa, na aliye kitandani ni Mama. Rudi, Dada.

Nisamehe,
Kitinda

15 Juni, jioni

Kitinda mdogo wangu,

Salamu baadaye. Soma hili kwanza, kisha fanya.

Nimesoma barua yako mara tatu nikijiuliza nini hakimo kwenye daftari. Nikafumba macho nikajiona nikimpa Mama uji. Ndipo nikaona kwamba sijawahi kumlisha Mama. Nimekuwa nikila naye. Siku zile za mwanzo baada ya kiharusi sikuwa na nguvu ya kupika mara mbili, nikawa nakunywa uji uleule wake. Nakaa kwenye kigoda karibu, bakuli langu mapajani. Kijiko kwangu, kijiko kwake. Akiona nimemeza, naye anameza. Sikuandika kwa sababu nilidhani hicho kilikuwa chakula changu, hakimhusu mtu.

Wewe unamlisha umesimama, nakufahamu, kama unasimamia mtihani. Kaa chini. Chukua bakuli la pili. Kunywa kweli, usijifanye, anajua.

Sasa na mimi nikuambie. Mto sijauona. Maneno niliyokuandikia nimeyatoa kwenye karatasi ya matangazo iliyo mapokezi. Siku kumi hizi nimelala. Nikiamka nashuka, nanunua wali kwa mama mmoja mwenye meza mlangoni, nakula nusu, napanda. Kila baada ya saa mbili nashtuka mchana kweupe, nakaa kitako, mikono inatafuta mtu wa kugeuza. Halafu nakumbuka, nalala tena. Msichana wa mapokezi alipanda ngazi ya kitanda kuangalia kama niko hai.

Na kuna jingine ambalo sitalisema mara mbili. Sitaki kurudi. Nampenda Mama na wewe unajua. Lakini nikiufikiria mlango wa chumba kile mwili wote unakuwa mzito, nashindwa hata kukaa. Nimechoka, Kitinda. Nilikuja huku kutembea na kumbe nilikuja kuchoka vizuri.

Pamoja na hayo, ukiniandikia keshokutwa kwamba bado hajala, siku inayofuata niko ndegeni. Begi sijalifungua, kwa hiyo halinicheleweshi.

Dada yako

18 Juni

Dada,

Shikamoo mara mia. Najua ulikuwa unaangalia simu. Jana sikuandika kwa sababu sikutaka kukupa nusu ya habari.

Nilileta kigoda. Nilipika uji mwingi, nikapakua mabakuli mawili. Unajua nilivyouchukia uji usio na sukari tangu utotoni. Nilikunywa kijiko cha kwanza uso umenikunjamana. Mama alinitazama kooni. Nikampelekea kijiko chake, akafungua mdomo kama mtu aliyekuwa anasubiri mlango ufunguliwe. Siku ile nusu bakuli. Jana robo tatu. Leo amemaliza, na muuguzi amesema habari ya mpira tuiache.

Lakini si hilo tu. Leo katikati ya kula nilisimama kidogo, nimeshika kijiko, nikaanza kutokwa na machozi ya kijinga. Mama aliinua ule mkono wake mzima, akausukuma mkono wangu taratibu kuelekea mdomoni mwangu. Akahangaika na neno mpaka likatoka: "Kunywa." Nikanywa. Naye ndipo akafungua mdomo.

Dada, si kwamba anakula kwa kutuiga. Nimemwangalia vizuri mara tatu leo. Anakula ili sisi tule. Anadhani yeye ndiye anayenilisha mimi.

Sasa nisikilize. Usirudi tarehe ishirini na tano. Nimemwandikia mkuu wa shule kuomba likizo mpaka muhula uishe, na nimeomba uhamisho nije kufundisha huku. Ukija, utakuta ni zamu ya watu wawili. Chumba chako nimekichukua, nguo zako nimezipanga sebuleni, utanisamehe.

Kitinda

21 Juni

Kitinda,

Marahaba, na mara mia yako nimeipokea. Natumaini nyote wawili hamjambo na uji mmeuzoea.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za hosteli. Nikarudia pale Mama alipokusukuma mkono, nikalia mpaka msichana wa mapokezi akaniletea maji na kukaa pembeni yangu bila kuuliza. Miaka saba nimejiona mtu anayebeba peke yake. Watu walinipa pole nikaipokea. Kumbe kila asubuhi, kila mchana, mgonjwa alikuwa anahakikisha mtoto wake amekula, na njia aliyobaki nayo ilikuwa kumeza yeye. Nilikuwa nauona ule mkono ukinigusa. Nilidhani unatetemeka.

Nilipomaliza kulia niliingiwa na njaa, njaa kabisa, ambayo sijaisikia sijui tangu lini. Nilitoka. Nilivuka barabara nikitembea polepole, sikusimama. Nilikaa kwenye meza ya yule mama wa wali nikamaliza sahani, akaniongeza, nikamaliza na hiyo.

Nimeahirisha ndege kwa siku kumi. Usiniulize nitafanya nini kwa maana sijapanga, na sitaki kupanga. Ukiona kimya usidhani nimepatwa na jambo. Mwambie Mama nimekula. Mwambie leo, ukiwa umekaa, kabla hujampa kijiko cha kwanza.

Dada