Dakika Saba Bila Maiki

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Watu kumi na mmoja. Wawili walikuwa wamelala. Viti vilivyokuwa vikigombaniwa na madereva wa malori, leo hata mimi ningeweza kujinyoosha safu nzima.

Madam Sue aliningoja nje. Ukumbi wa video ni wake, skrini ni yake, hata maiki. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema vijana wamechoka na picha za ngumi, wanataka zile za kutisha akili, za mtu na wasiwasi wake. Amenipa flash yenye picha kumi za aina hiyo. Nina mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini. Nikishindwa kuwashikilia watu, anang'oa skrini anaweka pool table mbili.

Miaka kumi na tisa nimeongea juu ya picha hapa Mai Mahiu. Wazungu, Wachina, Wahindi — wote wameongea kwa sauti yangu, Hanif wa Bondeni, Nakuru. Pool table haihitaji DJ wa kutafsiri picha. Naogopa, na sina wa kumwambia ila hili daftari.

Jumanne, 9 Septemba

Aibu tupu! Picha ilianza na mwanamke anaingia kwake. Anafungua bomba, anafunga. Anafungua tena. Hakuna muziki. Mumewe yuko mezani na chai. Basi.

Nikafanya ninavyofanya siku zote. Picha ikianza lazima watu wajue stering ni yupi, yule asiyekufa, na adui ni yupi, ndio wakae vizuri. Nikasema, "Huyu mama ndio stering wetu, na huyo bwana anakunywa chai ndio adui, mumcheki sana." Wakacheka. Kisha simu zikatoka mifukoni. Dakika ya kumi mtu wa mbele akauliza sasa tunangoja nini, na kila kitu tumeshaambiwa.

Na kumbe nilikosea! Mwishoni adui ni yuleyule mama. Sikuwa nimeitazama kabla, niliamini sura yake.

Kipkorir, dereva wa lori, alibaki. Huwa anateremsha mbao kutoka Eldoret, na hajapita hapa bila kuingia. Akaniambia, "DJ, leo umetudanganya. Si kawaida yako." Alisema kwa upole. Upole ule ndio ulioniuma.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefika asubuhi kabla ya mtu yeyote. Nimetazama mwanzo wa picha ya tatu mara sita, kalamu mkononi.

Mzee anaishi na binti yake. Anatundika ufunguo msumarini. Anaosha vikombe. Kamera inarudi, msumari hauna kitu. Mzee anauona. Hashtuki. Anaendelea kufuta meza. Halafu anatoka, na kamera inabaki jikoni peke yake. Kwa nini inabaki? Inamngoja nani? Saa tatu asubuhi, jua limewaka, malori yananguruma nje — na mimi nywele zimenisimama.

Niliandika: wanakuonyesha kitu kidogo mara mbili. Mara ya pili kimebadilika. Halafu hawasemi neno. Hawaharakishi. Wanakuacha ujisumbue mwenyewe.

Hawasemi. Na kazi yangu mimi ni kusema.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala nilirudi nyumbani, nikaweka picha ile kwenye simu, nikaiegemeza kwenye thermos mbele ya Kuluthum. Alikuwa anachambua mchele. Sikumwambia ni mtihani.

Nilinyamaza. Ufunguo ulipotoweka, mkono wa mke wangu ukasimama juu ya sinia. Ulikaa pale mpaka mzee akatoka jikoni. Nikarudisha mwanzo, sasa nikatia maneno yangu yote, na stering na adui na utani wa vikombe. Mkono ukaanza kuchambua tena. Akatabasamu hata.

Nikamuuliza tofauti ni nini. Akasema, "Baba Najwa, ukiongea najua kuna mtu yuko na mimi. Ukinyamaza nimebaki peke yangu na yule mzee."

Alidhani ananisifu. Sikula. Kama ni hivyo, miaka yote hii nimekuwa nikiwaharibia watu picha zao?

Jumapili, 14 Septemba

Nilijaribu kunyamaza, picha ya nne. Nilifika dakika moja na nusu. Wakaanza: DJ umelala? DJ amekufa? Mwingine akapiga mluzi. Madam Sue akafungua pazia la mlango kuangalia kama maiki imeharibika, mwanga ukafuta skrini yote.

Nikaingiwa na kiwewe. Nikashika maiki, nikawataja wote, stering, adui, na nani atakufa jikoni. Nilijisikia nikiongea, nikashindwa kujizuia. Walibaki saba.

Jumatano, 17 Septemba

Sikupata usingizi. Wazo moja linanitafuna. Nikinyamaza na watu wakashikwa kweli, Madam Sue ataona picha inatosha bila mimi. Nikiongea, nimekwisha. Nikinyamaza, nimekwisha.

Kuluthum anasema turudi Nakuru, kaka yake Yaseen anatafuta mtu wa kuuza magodoro. Nitasema nini kwa magodoro?

Jumamosi, 20 Septemba. Saa nane mchana.

Naandika ndani ya kibanda changu cha plywood nyuma ya viti, taa ya simu chini ya meza. Nimeshika kalamu ili nisishike maiki.

Picha ya mzee. Kabla haijaanza niliwaambia jambo moja: "Leo stering siwatajii. Mtaniambia nyinyi." Wakanung'unika. Nikazima maiki.

Dakika ya pili. Plywood imenizuia, naona skrini tu, siwaoni wao. Mtu anafungua njugu. Mtu anauliza DJ ako wapi.

Dakika ya tatu. Lori limepiga honi nje. Hakuna aliyetoa utani. Kawaida hutoa.

Dakika ya nne. Mwanga ukutani, pazia limefunguliwa, likafungwa. Mmoja ametoka? Au kumi? Sikusikia hatua. Kimya hiki sikijui — ama wameshikwa ama wamekwenda. Nikichungulia nitaingiza mwanga ukumbini na kuharibu.

Ya tano. Ufunguo msumarini. Vikombe. Nasikia funguo za Madam Sue karibu na mlango, huwa anazichezea akitaka kufunga. Mungu wangu, asifunge sasa.

Ya sita. Msumari mtupu. Mzee anafuta meza. Funguo za Madam Sue zimenyamaza.

Kamera imebaki jikoni.

Ya saba. Sauti ya Kipkorir, chini kabisa, kama mtu aliye msikitini: "DJ. Huyu mzee ni stering ama ni adui?"

Hakuna aliyecheka. Viti vimelia, vingi, kwa pamoja. Wako! Wamegeukia huku kwangu.

Nikijibu, yameisha. Nisipojibu, wataitazama wenyewe mpaka mwisho, na Jumatatu sina kazi.

Plywood imegongwa kwa kidole kimoja. Ni Madam Sue, hajawahi kukaa kutazama picha hata moja. Ananong'ona, "Hanif, niambie tu mimi. Ni nani?"

Nimewasha maiki. Bado sijasema kitu. Wanasikia ninavyopumua, na hakuna kiti kinacholia.