Kuhusu Gari Lililoangukia Shimo la Hoteli

MAELEZO YA SHAHIDI

Tarehe: Alhamisi, 8 Mei 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi
Mahali: Kituo cha polisi, katikati ya jiji, Nairobi
Jina: Gerishon Waweru Ndirangu
Umri: Miaka 78
Kazi: Mpangaji wa magari
Makao: Kangemi
Mwandishi: Koplo Mutie

Mimi ni mzee wa miaka sabini na minane. Nimezika wake wawili, ndugu wanne na kifungua mimba wangu. Mwenye uwanja wa magari aliyeniajiri nimemzika pia, ingawa alikuwa mdogo kwangu kwa umri na alikuwa akinywa maziwa tu. Nimeona mita za kulipia maegesho zikiwekwa mtaani na nimeziona ziking'olewa. Madaktari wa Upper Hill waliniambia mwaka wa 2009 kwamba moyo wangu umechoka. Wawili wao wametangulia, na mimi bado nasukuma magari.

Kusoma kwangu ni kidogo, kuandika ni jina langu. Lakini nakumbuka. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu.

Nafanya kazi kwenye uwanja ulio nyuma ya Barabara ya Moktar Daddah tangu mwaka wa 1983. Mistari iliyochorwa ni ya magari arobaini na mawili. Mimi huingiza sitini na saba. Hakuna mtu mwingine Nairobi hii anayeweza hivyo, na aliyepo aje nimwone. Siri yake ni moja. Mwenye gari namwambia aliache frii, maana yake bila gia na bila handibreki, ndiyo tuweze kulisukuma kwa bega huku na kule tukifungulia wengine njia. Kwa miaka arobaini na miwili sijakwaruza gari la mtu. Nimepanga ya majaji, ya maaskofu, na ya mbunge mmoja ambaye hakuwahi kusema asante.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, kampuni ilinunua ploti ya jirani ili ijenge hoteli na fleti za kuuza, orofa kumi na nane. Walibomoa godauni la mawe lililokuwa hapo. Ukuta wa godauni hilo ndio ulikuwa mpaka wetu. Mahali pake waliweka mabati na nguzo za mbao. Kisha wakaanza kuchimba kwenda chini, orofa nne za kuegesha magari. Mimi niliwacheka. Niliwaambia wanatafuta nafasi kwa matingatinga, mimi naipata kwa bega.

Anita, binti ya marehemu mwenye uwanja, ndiye mkubwa wetu sasa. Kampuni inautaka uwanja wetu pia. Anita aliniambia mnamo mwezi wa pili, "Mzee, siku uwanja ukikosa kujaa, nitatia sahihi wauchukue." Kwa hiyo nilihakikisha unajaa kila siku. Koplo, andika hilo, kwa sababu ndilo lililonitia kiburi. Kiburi kingine nilikuwa nacho tayari.

Mvua ilianza baada ya Pasaka. Karibu na lango letu huwa kuna dimbwi mvua ikinyesha. Limekuwa hapo tangu nifike. Ijumaa tarehe 2 Mei, saa mbili asubuhi, dimbwi halikuwepo. Maji yalikuwa yanatiririka kwenda nyuma na kupita chini ya mabati. Kavutha, mama anayeuza chai na githeri langoni, ndiye aliyeona hivyo kwanza. Yeye huniita Guka, yaani babu. Aliniambia, "Guka, dimbwi lako limehama bila kulipa kodi."

Nilimwambia kanjo, wale watu wa kaunti, wamezibua mtaro.

Kanjo hawakuwa wamezibua mtaro. Nilijua hawajakuja.

Mnamo Jumatatu tarehe 5 Mei, saa saba mchana, mafundi wa shimoni walipanda kula kwa Kavutha kama kawaida yao. Mmoja alikuwa Wambua, fundi wa kufunga vyuma, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, anayekula githeri na pilipili nyingi mpaka anatoa jasho. Alikuja nilipokuwa na akasema, "Mzee, huku chini tunaona udongo umepasuka upande wako. Weka mawe kwa magurudumu ya hii laini ya nyuma. Ama uyatoe kabisa."

Nikamuuliza, "Nani amekutuma? Injinia?"

Akasema, "Injinia nimemwambia. Amesema ataangalia."

Kisha alilaza chupa yake ya soda chini, tupu. Ilibingirika polepole ikaenda mpaka kwenye mabati ikagonga. Watu waliokuwa wanakula waliacha kutafuna.

Nilimwambia, "Nilikuwa hapa babako akiwa bado anatambaa. Huu uwanja uko sawa kama meza. Chupa yako ndiyo imelewa."

Watu walicheka sana. Hata Kavutha alicheka. Mmoja alisema, "Wambua, umepewa!" Wambua mwenyewe alicheka. Niliipiga ile chupa teke. Alipokuwa akirudi shimoni alisema, "Haya mzee, umeshinda. Lakini mimi ndiye niko chini."

Sikuweka mawe. Laini ya nyuma ina magari kumi na manne. Kuyatoa ni uwanja kukosa kujaa, na kuweka mawe ni kukubali mbele ya watu kwamba fundi wa juzi anaujua uwanja kuliko mimi. Mawe yalikuwepo, karibu na kibanda, yanatosha.

Mnamo Jumanne tarehe 6 Mei, saa nne na robo asubuhi, aliingia mwanamke wakili anayeitwa Nyawira, mteja wetu wa miaka mingi. Alikuwa na gari kubwa, zito, rangi nyeusi, na alikuwa anakimbilia kortini. Nilimpanga laini ya pili kutoka nyuma. Aliniuliza, "Mzee, leo kumelowa, niweke handibreki?"

Nilimjibu, "Usiweke, mama. Mimi ndiye handibreki."

Alicheka akaenda.

Saa nne na dakika arobaini, mwenye gari dogo la mizigo alitaka kutoka. Ilibidi lile jeusi lirudishwe nyuma hatua mbili, kwenye nafasi iliyokuwa imeachwa na gari lililotoka laini ya nyuma. Nilimwita Kitonga. Kitonga ana miaka arobaini na minne, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Alishika boneti halafu akasimama. Alisema, "Mzee, ngoja nilete jiwe kwanza. Hapa kumeanza kuteremka."

Nilimwambia maneno haya, na nayarudia jinsi nilivyoyasema: "Sukuma! Ama Wambua amekuuzia uoga wake?"

Akasukuma.

Lilikwenda hatua mbili. Likaenda ya tatu na Kitonga ameshaacha kusukuma. Alilikimbilia akashika mpini wa mlango, akavuta nyuma kwa nguvu zake zote. Lilimburuta mpaka viatu vikamtoka. Mabati yalifunguka kama pazia. Ardhi ya pale ukingoni iliondoka pamoja na gari, na Kitonga aliachilia akibakiza kama hatua moja hivi. Mimi nilikuwa nimesimama nimeinua mkono, vile huwa nasimamisha magari.

Kulikuwa na mlio mmoja, halafu watu wa chini wakaanza kuita. Walikuwa wanaita jina. Wengine walikuwa wamesikia mabati yakipasuka wakakimbia. Wambua alikuwa ameinama anakata chuma kwa mashine, ameziba masikio jinsi kampuni inavyowaamuru. Winchi iliinua gari saa sita na dakika ishirini, Wambua akatolewa chini yake, ameshakufa. Sikushuka shimoni. Ningesema ni magoti, lakini ngazi ilikuwepo na magoti yalikuwa yanaweza.

Polisi walifika saa tano na nusu. Afisa aliuliza, "Nani alisukuma hili gari?" Kitonga aliinua mkono, yuko miguu mitupu, akasema, "Ni mimi." Nilikuwa nimesimama kando yake, karibu kama hivi tulivyo mimi na wewe. Alinitazama mara moja tu. Walimkamata nikitazama. Injinia wa kampuni, anayeitwa Dan, aliwaambia polisi kwamba kampuni iliweka kizuizi, na kwamba hawa watu wa kusukuma magari ni wazembe. Hapo pia nilinyamaza, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima.

Jana Jumatano, saa mbili asubuhi, mke wa Kitonga, Kamene, alikuja uwanjani. Amejifunga kanga kiunoni na amebeba flaski ya uji aliyoambiwa kituoni airudishe nyumbani. Aliniuliza, "Guka, wewe ulikuwa wapi likitokea?"

Nilimwambia nilikuwa chooni.

Akasema, "Afadhali. Huyo bwana yangu alisema hivyohivyo, ati mzee hakuwepo, msimsumbue." Kisha aliniomba nimshikie maombi.

Nilifunga lango. Magari yalipiga honi nje, sikufungua. Ni mara ya kwanza uwanja kukaa bila gari mchana, tangu nifike.

Kampuni nayo iandikwe. Waliutoa ukuta wa mawe wakaweka mabati. Upande wetu hawakuegemeza udongo, walisimamisha mbao tu, na nilizihesabu zilikuwa tisa kwa urefu wote ule. Fundi wao aliwaambia udongo umepasuka. Koplo ameniambia hayo yatachunguzwa na nieleze niliyoyaona na kuyafanya. Sawa. Sikuja kuiosha kampuni. Lakini Wambua aliponiambia, aliniambia mimi, na neno la kusukuma lilitoka kwangu. Kitonga alitaka kuleta jiwe.

Hayo nimeyatoa mwenyewe bila kulazimishwa. Nimesomewa kutoka mwanzo, na nilimrudisha koplo mahali pawili alipoandika "mzee alishauri." Sikushauri, niliamuru.

Sahihi: WAWERU (na alama ya kidole gumba cha kulia)

Maoni ya mwandishi: Nimemwandikia shahidi maelezo haya na kumsomea kwa Kiswahili, akayakubali. Alitaka mahabusu Kitonga atolewe na yeye aingizwe mahali pake. Nimemweleza kwamba haifanyiki hivyo, na kwamba afisa mpelelezi atamwita. Amekataa kwenda nyumbani. Saa sita mchana bado yuko kwenye benchi la mapokezi. Saa sita na nusu ameomba aongeze yafuatayo. Koplo Mutie.

NYONGEZA: Nimesahau kutaja wanaoweza kuwathibitishia. Wa kwanza ni Kavutha, anapatikana langoni mwa uwanja kila siku isipokuwa Jumapili. Alisikia yote ya Jumatatu na tangu Jumanne hajanisemesha. Wa pili ni wakili Nyawira, kwa habari ya handibreki. Wa tatu ni yule mwenye gari la mizigo, simjui jina, lakini alikuwa ameteremsha kioo na alinisikia nikisema sukuma. Wa nne ni Kitonga. Huyo msimuulize akiwa peke yake, kwa sababu atasema sikuwepo. Muulizeni mimi nikiwa nimesimama hapo mbele yake.