Nywele za Matanga ya Baba

Mama mpendwa,

Mulembe, amani iwe nawe. Natumaini goti limekupumzisha, na kwamba yule ng'ombe mweupe amekubali kukamuliwa na mtu mwingine. Mimi niko salama hapa Mombasa, ila joto la huku bado halijanizoea.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Si ulisema umewachana na hiyo kitu? Sasa unalia nini?" Nikasingizia mtandao, nikakata. Nisamehe. Nimeona heri niandike.

Mama, unaamini heroini ndiyo iliyoleta huzuni. Huzuni ilitangulia. Nilipokuwa nauza misumari na mabati Kitale, kuna siku nilishindwa kuamka kufungua duka, nikakudanganya ni malaria. Baba alipofariki ikazidi. Siku tuliyomzika pale nyumbani Ndalu niliondoka watu wakiwa bado wanakula, nikapanda basi la Pwani. Siku ya tatu baada ya mazishi, mliponyolewa nyote kumuaga kama ilivyo desturi yetu, mimi sikuwepo. Huku ndipo nilipoonjeshwa heroini, na sitakuficha, ile huzuni ilinyamaza. Lakini ilinyamaza kwa muda mfupi tu. Ikarudi kubwa zaidi, na mimi nikawa natumia ili niweze tu kusimama.

Sasa kila asubuhi nakwenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kunisaidia kuacha heroini, mbele ya muuguzi. Hamu imepungua, na ndiyo sababu nasikia tena ile huzuni iliyokuwa imefunikwa na heroini. Muuguzi, mama mmoja asiyependa utani, ameniambia huo nao ni ugonjwa na unatibika. Kila Alhamisi nakaa na mshauri, tunaongea juu ya Baba.

Umesema mara nyingi kwamba naugua kwa sababu sikunyolewa. Nilikuwa nakucheka. Hata sasa sikubali kwamba ndicho chanzo, kwa hivyo usishangilie. Lakini mshauri aliponiuliza nilimuagaje Baba, nililia kama mtoto. Tangu siku hiyo kinyozi hajanigusa.

Msalimie dada Nekesa kule Kitale, umsomee barua hii yote, usiruke pahali. Msalimie na mjomba wa Webuye, anayeniombea kwa sauti hadi majirani wanajua dhambi zangu.

Kuja nyumbani siwezi, Mama. Dawa ni ya kila siku, na nikiikosa nitaanguka tena. Basi njoo wewe, pamoja na Shangazi aliyewanyoa siku ile, na ule wembe wake. Stuli ninayo, na maji nitayachota mwenyewe. Nataka kumlilia Baba nikiwa nimeinamisha kichwa mbele yenu.

Nakupenda sana.

Mwanao,
Wafula